Vibati saba juu ya chaga za kitanda

Juma hili nimepokea barua iliyonikalisha kitako. Imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili, na mzee mmoja wa Morogoro ambaye ameomba nisimtaje jina, nami nitaheshimu ombi lake. Anasema kijana wake wa mwisho, mwenye umri wa miaka 23, alinunuliwa pikipiki ili ajitafutie riziki. Kijana akaiendesha kwa miezi minane, kisha akaiuza bila kumwambia mtu, na fedha zote akanunulia, kwa maneno ya mzee mwenyewe, "vibati saba vya kukanyagia kwa mguu." Vibati hivyo amevipanga juu ya chaga za kitanda alizozing'oa katika chumba cha wageni, amevifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ameviunga kwa nyaya, na kila Jumapili huvibeba hadi kanisani ambako yeye ndiye mpiga gitaa.

Jumapili moja, katikati ya ibada, spika zikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Mhubiri akasubiri; mvumo haukukoma. Wazee wa kanisa wakaamuru vibati viondolewe na visirudi. Sasa mzee anauliza: Je, aviuze ili apate walau nusu ya pikipiki, ama kuna maana yoyote katika mambo hayo ambayo yeye, kwa uzee wake, haioni?

Mzee wangu, shikamoo. Umeniuliza mimi kwa kuwa unanisikia redioni kila juma, na pengine unadhani mtu wa redio anakijua kila kitu kinachotoa sauti. Sivyo. Lakini katika jambo hili umemuuliza mtu mwenye deni, na deni lenyewe nitalieleza nikifika mahali pake. Tuanze na vibati: ni vitu gani, na vilitoka wapi?

Gitaa la umeme, ukilisikiliza peke yake bila mtambo, ni chombo kinyonge mno. Nyuzi zake za chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, na mtikisiko huo huzaa umeme kidogo sana. Umeme huo husafiri ndani ya waya mpaka kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika. Kibati cha mguuni, ambacho wapigaji hukiita pedali, hukaa katikati ya safari hiyo. Huupokea ule umeme mdogo, huugeuza, kisha huupitisha mbele. Hukanyagwa kwa mguu kwa sababu moja tu: mikono yote miwili ina kazi.

Mtu anaweza kudhani vyombo hivi vilibuniwa na wataalamu waliojifungia maabara wakitafuta uzuri wa sauti. La hasha. Sauti inayopendwa kuliko zote, ule mkwaruzo wa gitaa linalounguruma, ilizaliwa na vitu vilivyoharibika. Mwaka 1951, mjini Memphis, Marekani, wanamuziki waliokwenda kurekodi wimbo Rocket 88 walifika studio wakakuta amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, imeharibika safarini. Wakasokota karatasi wakaijaza penye spika iliyopasuka na kurekodi hivyo hivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa makusudi ili apate mngurumo wa Rumble. Mwaka 1964, huko Uingereza, kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks aliichana spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe. Matokeo yake yanasikika katika You Really Got Me. Baba yeyote angesema mtoto huyu ana wazimu. Lakini kati ya hawa wote, aliyezaa kibati cha kwanza cha mkwaruzo kuuzwa kwa wingi alikuwa mtu mpole wa mitambo, wala hakuwa mpiga gitaa.

Naomba tukae hapa kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1960, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo wake Don't Worry mjini Nashville, katika studio ya Owen Bradley, banda la mabati lenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa. Grady Martin alikuwa na gitaa la besi la nyuzi sita. Ilipofika zamu yake ya kupiga peke yake, transfoma moja ndani ya mtambo wa kuchanganyia sauti ikashindwa kazi. Sauti ya besi, badala ya kutoka nene na safi, ikatoka ikikoroma na kukwaruza, kama mtoto anayepuliza kitana kilichofunikwa kwa karatasi. Aliyekaa kwenye mtambo ni fundi aliyeitwa Glenn Snoddy.

Hebu jiweke mahali pake. Wewe ndiye uliyeaminiwa kulinda usafi wa sauti. Muda wa studio unalipiwa. Mtambo umekuaibisha mbele ya mwimbaji mashuhuri. Desturi ya kazi inasema futa, tengeneza, rudia. Hawakufuta. Sauti ile mbovu iliachwa ndani ya wimbo, wimbo ukatoka mwaka 1961, na ukapanda hadi kileleni katika chati za muziki wa kantri.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha zaidi. Wanamuziki wengine walianza kumjia Snoddy wakiitaka sauti ile ile, na kumbe ile transfoma ilikuwa imekufa kabisa. Hakuna mtu angeweza kuirudisha katika ugonjwa wake wa mwanzo. Kwa hiyo Snoddy, akishirikiana na fundi mwenziwe Revis Hobbs, akakaa chini kuunda kwa transista kile ambacho transfoma ilikifanya kwa kuugua. Kampuni ya Gibson ikakichukua kifaa chao, na mwaka 1962 kikaingia madukani kwa jina la Maestro Fuzz-Tone: transista tatu, vijibetri viwili vya volti moja na nusu kila kimoja, na kitufe cha kukanyaga.

Wauzaji hawakujua wanauza nini. Walikitangaza kuwa kitaliwezesha gitaa kulia kama tarumbeta. Maduka yakakiagiza kwa wingi, wanunuzi wakakipita, vikakaa kwenye makabati vikishika vumbi. Hadi mwaka 1965, Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alipokitumia kurekodi mlio wa kuanzia katika (I Can't Get No) Satisfaction. Naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akiweka alama tu: alidhani baadaye mahali pale watapiga matarumbeta. Rekodi ikatoka na kile kibati, na dunia nzima ikakisikia. Matarumbeta aliyoyawazia yalikuja kupigwa mwaka ule ule na Otis Redding, alipouimba wimbo huo kwa namna yake. Vibati vya dukani vikaisha. Snoddy alifariki mwaka 2018, na watu wengi waliokwaruza maisha yao yote hawakuwahi kulisikia jina lake.

Sasa nimefika mahali pa deni.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana, cheti cha diploma ya uandishi wa habari bado kinanuka wino, na kituo nilichokuwa nikifanyia kazi kilinipa kukaa kwenye mtambo kila Alhamisi, siku ya kurekodi bendi. Ikaja bendi moja ya dansi kurekodi nyimbo nne za kipindi cha Jumamosi. Mpiga solo alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Alibeba ubao mpana kama wa kukatia mboga, umefungwa pedali nne za zamani kwa skrubu. Akauweka sakafuni, akachomeka waya wake kwenye soketi ya karibu naye. Amplifaya ilikuwa upande wa pili wa chumba, kwenye soketi nyingine.

Ulikuwepo mvumo. Si mkubwa, ila upo. Tukarekodi wimbo wa kwanza, na katikati yake akakanyaga pedali moja, na gitaa likaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya lami, kisha juu ya mkwaruzo huo akapiga kitu ambacho mpaka leo naweza kukuimbia kwa mdomo. Mimi nikasimamisha kazi. Nikamwambia atoe vibati vyake vyote, achomeke gitaa moja kwa moja kwenye mtambo. Akasema kwa upole, "Mwanangu, pale ndipo wimbo ulipo." Nikamjibu mbele ya vijana aliowafundisha kupiga, "Mzee, hapa ni redio, siyo gereji."

Vijana wake wakacheka. Akainama, akachomoa nyaya moja baada ya nyingine, akaviringisha kila waya taratibu kiganjani. Wimbo tukaurudia. Ulikuwa safi kabisa na hauna kitu. Ukarushwa mara moja. Ile rekodi ya kwanza niliifuta jioni ileile, maana nafasi katika kompyuta ilikuwa haba na mimi nilikwisha kuiandika daftarini kwa neno "mbovu."

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma habari za Glenn Snoddy, nikajua kwamba mtu mwingine aliwahi kukalia kiti kama changu, akafikiwa na sauti kama ile, na mkono wake haukukimbilia kufuta.

Turudi kwenye vibati. Baada ya mkwaruzo kufunguliwa njia, vingine vikafuata upesi, na vingi navyo vilikuwa watoto wa bahati. Mwaka 1966, huko California, mhandisi Brad Plunkett wa kampuni ya Thomas Organ alipewa kazi ya kubadili swichi ya gharama katika amplifaya za Vox kwa kitufe cha bei nafuu cha kuzungusha. Alipokizungusha huku gitaa likipigwa, sauti ikafunguka na kufumba kama kinywa cha mtoto anayelia. Wakakitia kitufe hicho ndani ya pedali ya kinanda, ya kukanyagia mbele na nyuma, na mwaka 1967 ikauzwa kwa jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta wa zamani aliyesifika kwa kuiliza tarumbeta yake kwa kuziba na kuzibua mdomo wake. Hiyo ndiyo wawa. Uliyesikia filamu yoyote ya Kimarekani ya miaka ya 1970, mtu anafukuzwa barabarani, unaijua.

Kuna moja ambayo mtu wa redio hawezi kuipita. Wale mliokua na redio ya mawimbi mafupi mnaifahamu hali hii: ni usiku, umetega idhaa ya mbali, sauti inakuja imejaa, kisha inajikunja kana kwamba msomaji wa habari ameingizwa ndani ya mtungi, inafifia, inarudi. Ni kwa sababu mawimbi yale yale yanakufikia kwa njia zaidi ya moja, yakirudishwa na tabaka la juu la anga. Mengine yanasaidiana, mengine yanafutana. Sisi tulikuwa tukiipiga redio kofi ili itulie. Huko Japani, mhandisi Fumio Mieda, kwa masimulizi yake, aliisikia hali hiyo hiyo katika matangazo ya Radio Moscow, akataka kuiunda upya. Akatia taa ndogo inayopwita katikati ya vipokea mwanga vinne, na mwanga ule ukipanda na kushuka, sauti ya gitaa hujikunja na kukunjuka. Kifaa hicho, Uni-Vibe, kilitoka mwaka 1968, na tarehe 18 Agosti 1969 kilikuwa miguuni pa Jimi Hendrix kwenye jukwaa la Woodstock, pamoja na wawa na mkwaruzo.

Huyu Hendrix ana mchango wake katika habari ya ubao, ingawa hakuwa na ubao. Pedali zake zilitapakaa sakafuni, zimeungwa kwa nyaya za kujikunja kama za simu za zamani. Baadhi alitengenezewa na Roger Mayer, Mwingereza aliyewahi kufanya utafiti wa sauti na mitetemo katika idara ya jeshi la majini. Picha za wakati ule zinaonyesha taabu yote: waya unakanyagwa, betri inaishiwa nguvu katikati ya wimbo, kibati kinasukumwa na kiatu kikatoweka gizani. Mwenye pedali moja hana shida. Mwenye tatu anaanza kuhitaji akili ya mpishi mwenye jiko moja na sufuria tano.

Wajapani walisaidia upande wa umbo. Mwaka 1977 kampuni ya Boss, tawi la Roland, ilitoa pedali tatu ndogo zenye mwili wa aina moja, upana mmoja, urefu mmoja, na betri inayobadilishwa kwa kulegeza skrubu kwa vidole. Jambo dogo, lakini fikiria tofauti ya kujenga ukuta kwa mawe ya mtoni na kuujenga kwa matofali. Vitu vilivyo sawa hupangika.

Upande wa ubao wenyewe, jina la kulikumbuka ni Pete Cornish wa Uingereza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwajengea wapigaji wakubwa mbao kamili: alichukua pedali walizozipenda, akazitoa matumbo, akayapanga upya ndani ya sanduku moja zito, na umeme wake mmoja, na swichi zilizopangwa kwa mpangilio ambao mguu ungeuzoea gizani. Ule aliomjengea David Gilmour wa Pink Floyd mwaka 1976 bado unazungumzwa na mafundi kama watu wa meli wanavyozungumzia jahazi fulani.

Cornish alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa, na ugomvi huo unamhusu kijana wa Morogoro. Waya wa gitaa hunyonya sauti. Ndani yake mna nyuzi mbili za shaba, moja ikiizunguka nyingine, na kati yao umeme wa sauti za juu huvuja kidogo kidogo. Kadiri ya pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa wanaopenda hesabu. Waya wa mita tatu, huoni tofauti. Lakini toka kwenye gitaa mita sita, pita katika pedali saba na nyaya fupi za kuziunga, nenda mita sita nyingine hadi kwenye amplifaya, na gitaa lako linasikika kana kwamba limefunikwa blanketi. Dawa yake ni saketi ndogo iitwayo bafa, inayoupokea ule umeme dhaifu wa gitaa na kuutoa tena ukiwa na nguvu ya kusafiri. Wapo wanaotaka pedali iliyozimwa iwe kama haipo, waya mtupu toka mlango hadi mlango. Cornish aliwaambia kwamba saba kama hizo zikizimwa zote kwa pamoja, unabaki na waya mrefu tu unaonyonya. Ubishi huo mpaka leo haujaisha, nami nasimama upande wa Cornish, ila bafa moja au mbili zinatosha.

Miaka ya 1980, Bob Bradshaw wa Los Angeles akaenda mbali zaidi: pedali zote zikafungiwa kabatini nyuma ya jukwaa, na miguuni pakabaki vitufe tu vya kuamuru ipi iingie na ipi itoke. Bei yake ilikuwa ya wenye nazo. Kisha miaka ya 1990 ikaleta vijana kama Kurt Cobain wakiwa na pedali za bei nafuu chini ya viatu vya raba, na watu wakashuka tena sakafuni. Tangu mwaka 2000 na kuendelea, pedali zikazidi, na mbao za kuzibebea zikawa biashara kamili. Nyingi hutengenezwa kwa alumini, zimeinuliwa kidogo nyuma ili mguu ufikie safu ya pili, na uso wake si bapa. Ni vipande vilivyoachiwa nafasi katikati, ili nyaya zipenye chini na chombo cha umeme kifungwe mvunguni.

Vipande vilivyoachiwa nafasi katikati, mzee wangu. Yaani chaga.

Juu ya ubao huo, vitu hupangwa kwa kufuata safari ya sauti. Kwa kawaida mkwaruzo hukaa karibu na gitaa, na ile mikwaruzo ya transista ya aina ya kwanza ni yenye wivu: hutaka igusane na gitaa lenyewe, na ukiitilia bafa mbele yake hulia kwa ukali wa ajabu. Baada ya mkwaruzo huja pedali za kukunja na kutetemesha sauti, kisha mwangwi. Mwangwi wa vibati una historia yake tamu. Mwanzoni ulipatikana kwa mashine za kanda, halafu mwaka 1969 watafiti wa Philips, Sangster na Teer, wakabuni saketi inayopokezana chembe za umeme kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo kuzima moto, na kila mkono ukichelewesha kidogo. Sasa ukitia mwangwi kwanza na mkwaruzo baadaye, unaukwaruza na mwangwi wenyewe, kila kitu kinakuwa uji. Ukitanguliza mkwaruzo, unapata sauti moja kali inayorudi, na kurudi, kila mara ikiwa imesimama mahali pake. Vibati ni vile vile. Kilichobadilika ni nani ametangulia. Wapo waliopindua kanuni hii wakapata nyimbo nzuri, kwa hiyo sitamfokea mtu.

Wapiga besi nao msinung'unike, sijawasahau. Mkwaruzo hula sauti nene, ndiyo maana pedali nyingi za besi hugawa sauti njia mbili, moja ikakwaruzwa na nyingine ikapita safi, zikakutana mlangoni.

Sasa mvumo. Mzee alinipa namba ya kijana, nikampigia. Nikamuuliza jambo moja tu: umeme unautoa wapi? Akasema anatumia adapta ya redio ya zamani, ya volti 9, ameukata waya wake na kuugawa mara saba. Alishajifunza kwamba katika pedali nyingi ncha ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za redio. Alijifunza kwa kuunguza kibati kimoja, maana kumbe vilikuwa vinane. Samahani kijana, limenitoka hewani.

Nikamuuliza kibati cha saba alikinunua lini. Akasema Alhamisi. Mvumo ulianza Jumapili iliyofuata.

Hapo ndipo siri ilipo. Pedali za mkwaruzo hunywa umeme kidogo sana, mara nyingi chini ya miliampea 20. Cha saba ni cha mwangwi wa dijitali, ambacho peke yake kinaweza kunywa kuliko vyote vingine vikijumlishwa. Adapta ya namna ile huupokea umeme wa ukutani, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kujaribu kuunyoosha. Ukiielemea, inashindwa kunyoosha. Mawimbi yanabaki, yanaingia katika kila pedali, na ya kwanza kabisa inayakuza, ya pili inakuza yaliyokuzwa, hadi mhubiri ananyamaza. Chombo sahihi kipo: kina matundu mengi, na kila tundu limetengwa na jirani yake.

Na mvumo wangu wa mwaka 2004 ulikuwa wa namna nyingine. Ubao ulikuwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye soketi ya mbali. Waya wa ethi wa huku na wa kule, ukiunganishwa na waya wa gitaa, ulifanya kitanzi kikubwa chumba kizima, na kitanzi hicho kikazoa umeme wa ukutani. Dawa yake ilikuwa kuvichomeka vyote mahali pamoja. Waya mmoja wa ekstensheni, ambao ulikuwa kabatini, hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Juma hili, baada ya kuzungumza na kijana, nilimtafuta yule mpiga solo. Nilimpata kupitia mpiga ngoma wake wa zamani. Nikajitambulisha kwa jina na kwa kituo cha wakati ule. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye wa gereji." Nikasema ndiye. Nikamwomba radhi, naye akaniuliza kama ile rekodi ya kwanza bado ipo mahali. Nikamwambia niliifuta siku ileile. Akasema, "Haya," halafu akaniuliza habari za nyumbani kwangu, watoto wangapi, wanasoma wapi.

Mzee wangu wa Morogoro, pikipiki hairudi, na ukiviuza vibati leo hutapata hata nusu ya bei yake. Mnunulie kijana chombo cha umeme chenye matundu yaliyotengwa, au mkopeshe fedha anunue mwenyewe alipe kwa harusi atakazopiga. Amplifaya na ubao wavichomeke soketi moja. Kisha uende kanisani siku ya mazoezi, kabla ya Jumapili, ukae karibu na spika pamoja na wale wazee, na kijana awashe vyote saba bila kupiga hata uzi mmoja, msikilize. Kuhusu chaga za chumba cha wageni, hizo mdai. Ni haki yako.